Refa Aliyepaka Tope Tanga Langu

Katika msiba uliotukutanisha Makambako hivi karibuni, kijana mmoja aliyevaa suti alisimama kando ya jeneza kusoma wasifu wa marehemu Mzee Nyalusi. Alisoma vizuri, kwa sauti iliyozoea kanisa. Alieleza kuzaliwa kwake, ubatizo wake, ndoa yake na kazi yake ya kusaga nafaka, kisha akafika kwenye sentensi iliyonifanya niinue kichwa: kwamba marehemu aliwahi kusimamia michezo ya watoto, ila aliacha kufuatia malalamiko ya wazazi. Hapo akageuza ukurasa na kuendelea na habari za shamba la parachichi.

Nimeitumikia ofisi ya umma maisha yangu yote ya kazi, na nimeandika taarifa nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Najua sentensi ya namna hiyo inavyotengenezwa. Haina neno hata moja la uongo, lakini ukiiweka juu ya jeneza la mtu inakuwa uongo mtupu. Malalamiko yalikuwepo. Wazazi walikuwepo. Kilichoachwa nje ni nani hasa alilalamika, alilalamikia nini, na marehemu alinyamaza kwa ajili ya nani. Baada ya maziko nilimfuata yule kijana nikamweleza kwamba amesoma jambo pungufu. Akanijibu kwa adabu, "Bibi, hayo ni ya zamani, tumwache mzee apumzike." Nilirudi kwenye kiti changu kwa hasira. Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba haikuwa hasira. Ilikuwa aibu, na ilikuwa ya nyumbani kwetu. Mzazi aliyelalamika alikuwa baba yangu.

Wapita njia huiona Makambako kama njia panda tu, mahali pa kunywa chai na kununua viazi kabla ya kuendelea na safari ya Songea au Mbeya. Sisi tuliokulia pale tunaijua kwa upepo wake. Kipupwe kilipoingia, upepo ulipita kwenye uwanda kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Ulizima moto jikoni, ulipiga mabati usiku kucha, ulipasua midomo yetu hata tukashindwa kucheka sawasawa. Mama zetu waliulaani. Sisi watoto tuliusubiri mwaka mzima, kwa kuwa ndio uliosukuma vigari vyetu.

Kigari kilikuwa ubao wa kukalia, beringi chakavu tulizookota kwenye gereji za malori, na mlingoti wa mwanzi uliosimamishwa mbele. Kwenye mwanzi ulifunga tanga, na tanga la kila mtoto lilikuwa salfeti la mbolea lililopasuliwa na kushonwa upya. Usukani ulikuwa miguu yako. Breki zilikuwa visigino vyako, na tulienda shule Jumatatu tukichechemea kwa fahari. Mbio tulizifanyia kwenye uwanda nyuma ya mtaa wa Lyamkena, ambako ng'ombe walikuwa wamelamba majani mpaka ardhi ikabaki ngumu kama sakafu.

Mzee Nyalusi, ambaye wakati huo hakuwa mzee, ndiye aliyekuwa refa wetu. Siku za wiki aliendesha mashine ya kusaga, na unga haukumtoka kwenye nyusi hata aoge vipi. Jumamosi alikuja uwanjani na koti refu na tai nyekundu. "Refa bila tai ni mchunga ng'ombe," alikuwa akisema, na wachunga ng'ombe waliokuwepo walicheka kuliko wote. Hakutumia bendera. Alibeba mfuko wa pumba za mahindi, akachota konzi moja, akairusha juu. Pumba zikipeperuka moja kwa moja kuelekea mwisho wa uwanja, alipuliza filimbi. Zikizunguka au kurudi, tulikaa tukisubiri hata kama tulikuwa tunalia kwa baridi. Ukimlalamikia alikujibu neno moja tu: "Upepo haujasaini."

Lakini tulimpenda kwa sababu ya wa mwisho. Mshindi alipewa mkono na kuambiwa hongera, basi. Mtoto wa mwisho, ambaye kigari chake kilikuwa kimekwama au tanga limemchanikia, Refa alimfuata katikati ya uwanja, akatembea kando yake na kumtangaza kama mtangazaji wa redio anavyotangaza mpira. "Anaingia sasa, wasikilizaji! Anaingia kijana wa Lyamkena! Hana mpinzani nyuma yake! Wote waliokuwa nyuma yake wamekata tamaa!" Na ilikuwa marufuku kuondoka uwanjani kabla ya huyo hajafika. Wapo watu wazima leo, wenye vyeo na wajukuu, waliojifunza pale kwamba mtu anaweza kuwa wa mwisho na bado akapokelewa.

Mwaka ninaousimulia, mke wake aliugua, akalazwa Njombe katika hospitali ambayo sitaitaja. Alirudi akitembelea fimbo. Watu walipomuuliza Refa habari za huko, alijibu kwa utani kama kawaida yake: "Wametibu vizuri. Ila mke wangu kalalia mpira mtupu kama gurudumu. Wanasema mashuka hayapo, mashuka hayapo! Nikavua koti langu nikamtandikia." Watu walicheka. Nami nilicheka.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo katika hospitali hiyohiyo. Makambako walimwita Bwana Stoo. Alikuja nyumbani mwisho wa juma, viatu vinang'aa, kalamu mfukoni, na mtaa mzima ulimwamkia. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba serikali ni kitu ambacho baba alikuwa nacho kule Njombe, katika chumba chenye kufuli, na kwamba funguo zake ndizo zilizokuwa zikilia kiunoni mwake alipotembea.

Siku moja alileta kitambaa cheupe, kizito, kilichokunjwa vizuri. "Mtoto wangu hatakimbia na salfeti la mbolea kama mtoto wa kuokota," alimwambia mama. "Mshonee tanga."

Mama alikigeuza kitambaa kwa muda mrefu. Kisha akakunja kona moja kwa ndani, akaishona kwa nyuzi za karibukaribu. Nilimuuliza kwa nini kona hiyo peke yake. "Isichanike," akasema.

Nilipolikagua tanga mbele ya dirisha niliona kivuli cha maandishi ndani ya ule mkunjo. Mtoto aliyejifunza kusoma juzi hawezi kuacha maandishi yaliyofichwa. Nilichukua sindano ya kutolea funza, nikafumua nyuzi za mama moja baada ya nyingine, na ndani nikakuta muhuri wa bluu: MALI YA SERIKALI. Sikuona wizi. Nawaomba wasomaji wa rika langu waniamini katika hili. Niliona heshima. Watoto wengine walikuwa na matanga ya baba zao. Mimi serikali yenyewe ilikuwa imenipa langu, na imeandika.

Jumamosi iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku kubwa ya Refa. Alikuwa amehangaika kipupwe kizima kuwaalika watoto wa mji jirani wa Wanging'ombe waje na vigari vyao, na walikuja, wamerundikana kwenye trekta pamoja na wazazi wao. Mwenyekiti wa mtaa alikuja. Baba yangu alikuja pia, akasimama na wakubwa, mikono nyuma.

Kabla ya mbio Refa alikagua kila kigari. Alitikisa mlingoti, akazungusha beringi, akatania. Alipofika kwangu nilisimama wima.

"Shikamoo, Refa."

"Marahaba, rubani. Kamwene!" akaongeza salamu ya kwetu. "Leo umevaa harusi au umekuja kukimbia?"

"Refa, lione. La kwangu ni la serikali." Nikaivuta ile kona nikaikunjua mbele yake.

Alikuwa bado anacheka. Kicheko kilibaki mdomoni baada ya kuondoka machoni. Alisoma, kisha akaifumba kona yote ndani ya ngumi yake. Akatazama kule walikosimama wakubwa.

"Nani mwingine umemwonyesha?"

"Hakuna. Nilitaka wewe uwe wa kwanza."

"Umefanya vizuri. Sasa usimwonyeshe mtu yeyote. Hata akikuomba."

Akaenda kwenye dimbwi walikonywea ng'ombe, akarudi na tope jeusi mikononi, akalipaka kwenye ile kona. Akapaka tena. Akapaka upindo wote wa chini mpaka weupe ukapotea. Mikono ya koti lake ilichafuka, na tai pia. Kisha akainuka akatangaza kwa sauti ya redio: "Wasikilizaji! Sheria mpya ya leo! Kila tanga lipakwe tope, ili uzito uwe sawa! Wenyeji na wageni!"

Watoto walishangilia, maana mtoto gani anaamriwa kuchezea tope? Mmoja akapiga kelele, "Refa, nipake na mgongoni?"

"Mgongo ni wa mama yako, mwulize yeye atakayefua!"

Mimi nililia. Nilichoelewa ni kwamba Refa ameona wivu. Wapwa zake walikimbia na salfeti, naye hakuweza kuvumilia kuona mtoto wa Bwana Stoo aking'ara.

Pumba zilipeperuka vizuri siku hiyo, upepo ulisaini bila ubishi, filimbi ikalia. Lakini matanga yalikuwa mazito, yamelowa, yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Vigari vilijivuta kidogo vikasimama. Katikati ya uwanda walikaa watoto wa Makambako na wa Wanging'ombe wakitazamana, na upepo ule mkali ukiwapita kana kwamba hawakuwepo. Baba mmoja wa Wanging'ombe alisema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, mlituita kutazama mbio au kutazama dobi?" Wageni walicheka mpaka kwenye trekta. Walipoondoka, Refa alikuwa bado amesimama penye mstari, mfuko wa pumba mkononi, hana la kutangaza.

Nilimweleza baba kwamba Refa alilichafua tanga langu makusudi, na kwamba alianza na langu kabla ya kuwatungia wengine sheria. Habari za muhuri sikumwambia, kwa kuwa Refa alinikataza, nami nilikuwa mtoto mtiifu.

Baba aliitisha kikao. Kilifanyika palepale uwanjani, wazazi wameketi chini na juu ya magogo. Alisimama akafunga kifungo cha koti. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa maana sijawahi kufanikiwa kuyasahau.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa umma. Ninapokabidhiwa kitu, nakitunza. Huyu bwana alikabidhiwa watoto wetu na jina la mji wetu. Ametufanya kichekesho mbele ya wageni, na ameharibu mali ya mtoto kwa chuki. Naomba aeleze."

"Refa, eleza," akasema Mwenyekiti.

Refa alisimama. Alikuwa na tai, ameifua, ila doa halikutoka. "Tope nilipaka mimi. Sheria niliitunga mimi. Mbio niliziharibu mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu ninayo, Mwenyekiti. Ila ni ya kukaa nayo."

Kukawa na minong'ono. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi pale uwanjani, mwenye ulimi usio na breki, akadakia: "Refa wewe! Kwenye mbio hunyamazi hata ukifungwa mdomo, leo kwenye kesi ndiyo sauti imekauka? Sema, baba, tukutetee!"

Refa alitabasamu. "Mama, upepo haujasaini."

Watu wakacheka, na nikaona baadhi yao wakitaka kuyamaliza hapo. Mke wake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na fimbo yake mapajani, alimvuta pindo la koti. "Baba, kama una neno si uliseme?" Refa alimgusa bega tu.

Baba hakuyaacha. "Mtu asiye na jibu ana hatia," alisema. Alikuwa umbali wa hatua chache kutoka kwa mwanamke aliyelalia mpira mtupu, na alikuwa akidai maelezo juu ya shuka.

Filimbi ilichukuliwa. Akakabidhiwa karani mmoja kijana, mpole, ambaye alimwogopa baba. Refa aliitoa shingoni mwenyewe, akaifuta kwa leso kabla ya kuikabidhi.

Nilipokuwa kazini walinisema kwamba nilikuwa mkali mno juu ya mihuri na vitu vya umma, kwamba nilimwandikia mtu barua kwa sababu ya blanketi. Ni kweli. Wenzangu walidhani ni maadili niliyolelewa nayo. Niliwaacha wadhani hivyo.

Mama ndiye aliyelifua tanga. Tulienda mtoni, akalisugua juu ya jiwe, tope likaanza kuondoka na maji, na kutoka chini yake bluu ikajitokeza herufi kwa herufi. Mama aliacha kusugua. Akapapasa mahali nyuzi zake zilipokuwa.

"Nani alifumua?"

"Mimi."

"Nani ameona?"

"Refa peke yake. Akaniambia nisimwonyeshe mtu, hata akiniomba."

Mama alikaa juu ya jiwe, mikono ikiwa bado na povu. Nilidhani nitachapwa. Hakunichapa. Alikaa hivyo mpaka povu likakauka, na wanawake waliokuwa upande wa chini wakamuuliza kama anaumwa.

Baba alipofika Jumamosi iliyofuata, mama alilitandaza tanga mezani, kona ikamwelekea yeye. Hakumwamkia kwanza.

"Alijua," mama alisema. "Ulisimama pale ukamwita mtu wa chuki, naye alijua. Angeligeuza tu tanga la mtoto, watu wakasoma. Kazi yako ingekuwa wapi leo? Na sisi?"

Baba alisoma ule muhuri kana kwamba hajawahi kuuona.

"Na mke wake kalalia mpira," mama akasema.

Baba alikuwa ameshavua koti. Mama alilichukua kwenye msumari, akamshikia wazi, kama anavyofanya mtu anayemsaidia mwingine kutoka nje. Kwa Refa hapakuwa mbali. Nilisubiri aingize mikono. Hata mimi, ambaye sikuwa nimeelewa nusu ya mambo, nilijua kwamba koti lile lilikuwa swali.

"Nipe wembe," baba akasema.

Akaikata ile kona, akaitia motoni, akasimama kuitazama mpaka ikaisha. Kisha akasema bila kumgeukia mama, "Wiki ijayo mtoto akimbie. Asipokimbia, watu watauliza." Mama alilirudisha koti kwenye msumari.

Nilikimbia, na nilishinda. Kitambaa kile kizito, kikavu, kilishika upepo ambao salfeti zilikuwa zikiuachia. Baba alipiga makofi na watu wakampa mkono. Karani alipuliza filimbi ya kumaliza mara tu nilipopita mstari, watu wakaanza kutawanyika. Nyuma kabisa mtoto mmoja alikuwa bado anasukuma kigari chake kwa miguu, peke yake, hakuna anayemtangaza. Nilimwona akitazama huku na huku, akishangaa mbona hakuna sauti.

Refa alikuwa amekuja kama watazamaji wengine, na tai yake. Alimsubiri yule mtoto akafika, akampa mkono. Ndipo alipokuja kwangu.

"Hongera, rubani."

"Asante, Refa." Sikuwa na uhakika kama bado inafaa kumwita hivyo.

Alichuchumaa, akalishika tanga, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. Alipitisha taratibu, kwenda na kurudi. Nilijiandaa kueleza, lakini hakuniuliza.

"Uliona lilivyokuyumbisha pale kwenye mteremko? Tanga lililokatwa kona moja huvuta upande. Siku upepo ukiwa mkali litakuangusha, uvunje mkono." Akainuka, akajipangusa magoti. "Mwambie baba akate na ya pili. Mwambie ni mimi niliyesema."

Nilimpelekea baba ujumbe huo jioni wakati wa chakula, neno kwa neno, nikijivuna kwamba Refa amerudi kuwa rafiki yangu. Mkono wa baba, uliokuwa na tonge la ugali, ulisimama kati ya bakuli na mdomo. Mama alitazama chini. Baba alilirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akaomba wembe. Alilikunja tanga katikati ili kona ya pili ailinganishe na pale pengo lilipokuwa, akapima kwa makini kama mtu aliyezoea kutunza vitu, akaikata. Zikalingana kabisa. Kisha akanikabidhi tanga langu, na tangu jioni hiyo mpaka mwisho wa kipupwe hakunitazama usoni.